Picha Mbili za Jiwe Kilemba

Vijana wangu, siku mkikuta picha mbili za jiwe moja zimebandikwa bega kwa bega kwenye kadi, na kwa macho yenu zinafanana kama pacha, msidhani fundi alikosea mkaichana moja. Hazifanani. Moja ni ya jicho la kushoto na nyingine ni ya jicho la kulia. Ukizitia kwenye chombo chake cha kutazamia, kila jicho likapata haki yake, zile mbili zinaungana, na jiwe linatoka kwenye karatasi linakujia. Nimeifanya kazi hiyo pamoja na kazi nyingine zote za picha tangu usichana wangu, na mpaka leo nikimwona mtu anatazama kwa mara ya kwanza huwa nangoja tu ile "Lahaula!" yake. Haijapata kuchelewa.

Naitwa Riziki. Hapa Wete wananijua kwa jina la Bi Riziki wa Picha, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi yalipita katika studio ya Bwana Nassor, karibu na soko. Msinifikirie kwamba nilichukuliwa kwa kipaji. Nilichukuliwa kwa sababu wanawake wa Wete walikuwa hawakubali kufunua uso mbele ya mwanamume asiyekuwa maharimu wao, na picha ya paspoti haipigwi mtu akiwa amejifunika. Kwa hiyo Bwana Nassor alikuwa akitengeneza taa na kamera, kisha anatoka nje, na mke wake anaitwa kutoka jikoni aje abonyeze. Mke akachoka. Akamwambia, "Tafuta msichana wa kazi hii, ama paspoti zote za Wete zitanuka vitunguu." Nikatafutwa mimi.

Bwana Nassor alikuwa wa zile familia zenye asili ya Oman ambazo zamani zilikuwa na mashamba ya mikarafuu. Mashamba yalikwisha. Kilichobaki ni nyumba, kanzu nzuri za Ijumaa, na sanduku la vioo. Sanduku hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza leo, kwa sababu lilikaribia kunipa msiba, kisha likanipa furaha ambayo sijapata kuiona tena.

Vioo vile vilikuwa vya babu yake, Mzee Said. Siku hizo picha haikuwa kwenye filamu wala kwenye simu, ilikuwa kwenye kioo kilichopakwa dawa. Mzee Said alinunua kamera yenye lenzi mbili kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anahama, kamera inayopiga picha mbili kwa mpigo, ya kushoto na ya kulia. Ila mzee mwenyewe alikuwa mcha Mungu sana, na kwa jinsi alivyoifahamu dini yake, haikumfalia mtu kutengeneza sura ya kiumbe chenye roho. Sasa fikirieni. Mtu ana kamera nzuri, ana hamu nayo, na hawezi kupiga mtu, ng'ombe wala kuku. Atapiga nini? Akapiga majabali.

Alizunguka pwani ya Pemba akipiga mapango, mawe yaliyotobolewa na bahari yakawa kama milango, na majabali yaliyoliwa chini na maji mpaka yakabaki na kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Watu walimwona amerukwa na akili. Bwana Nassor alinisimulia kwamba bibi yake alikufa hana hata picha moja, na alikuwa akisema hadharani, "Ningeolewa na mwashi ningejengewa nyumba. Nimeolewa na mpiga picha, yanapigwa majiwe." Na kwa kuwa mzee hakutaka kumsimamisha mtu kando ya jabali ili ukubwa wake ujulikane, alikuwa akiegemeza bakora yake. Kila picha ya Mzee Said ina jabali na bakora. Mkiziona mtasema bakora ndiyo iliyokuwa ikitembea kisiwani peke yake.

Kadi alizozibandika mwenyewe ziliisha zamani, nusu kwa mchwa na nusu kwa unyevu. Vioo vikabaki. Hapo ndipo Bwana Nassor aliponifundisha jambo ambalo nataka mlishike hata kama hamtagusa kioo cha picha maishani mwenu.

Kamera ile ya lenzi mbili, kila lenzi inaipindua picha yake miguu juu kichwa chini, pale pale mahali pake. Ukichapa kioo kizima kwenye karatasi, kisha ukaigeuza karatasi ili jabali lisimame wima, tazama kilichotokea: picha ya jicho la kulia imekwenda kukaa kushoto, na ya kushoto imekwenda kulia. Kwa hiyo hubandiki kama ilivyo. Unachukua mkasi, unakata katikati, unazibadilisha mahali. Bwana Nassor alikuwa akiimba wakati wa kazi: "Kata, hamisha, ndipo ubandike." Nilimwuliza kuna ubaya gani nisipohamisha, mawe si ni yale yale? Alinitengenezea kadi isiyohamishwa, akaitia kwenye chombo cha kutazamia, akaniambia, "Haya, niambie unaona nini."

Nikasema naona sufuria kubwa limefunikwa.

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lilikuwa pango. Usipohamisha, kilichobonyea kinatokeza na kilichotokeza kinabonyea. Shimo linakuwa kilima. Kilicho mbele kinakwenda nyuma, na cha nyuma kinakuja mbele. Na balaa lenyewe ni kwamba picha haikuambii, "Jamani, nimebandikwa vibaya." Inakaa kimya na kukudanganya vizuri kabisa, hasa ikiwa ni ya kitu usichokijua.

Chombo chenyewe kilikuwa cha mbao, kina vioo viwili vya kutazamia na mkono wa kushikia. Kilikaa mezani studio, na wateja waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wakikichezea. Kuna mzee mmoja wa Mgogoni alitazama jabali lililoinama juu ya maji, naye akainama ili lisimpate, akagonga paji la uso kwenye meza. Picha yake ya kitambulisho ikatoka na nundu. Tulitaka kumpiga nyingine siku ya pili, akakataa. Alisema, "Iwacheni. Nikiulizwa ntasema nimepigwa na jiwe la karatasi, waone kama wataamini."

Nanyi mtakaokuja kukuta vioo kama hivi kwa mabibi zenu, maana vipo, vimo chini ya vitanda, sikilizeni. Kamata pembeni, usiguse uso. Upande unaong'aa ni kioo kitupu, huo unaweza kuupangusa kwa kitambaa kikavu laini. Upande uliofifia ndio wenye picha, huo usiuguse kwa maji, sabuni, mate, wala ncha ya kanga. Nimeona mtu kamsugua babu yake akaisha. Vipange visimame kama vitabu, visilaliane. Mimi nilikuwa natia vikonyo vya karafuu kavu sandukuni, sijui kama vinafukuza wadudu kweli, lakini sanduku lilinukia vizuri na wadudu sikuwaona.

Kazi ilibadilika mikononi mwetu. Filamu nyeupe na nyeusi ikaondoka, ikaja ya rangi, tukawa tunaituma mbali kusafishwa na wateja wanatutukana kwa kungoja. Kisha zikaja kamera zisizokuwa na filamu, kisha simu, na kila mtu akawa studio yake mwenyewe. Sikulalamika sana. Wasichana walipata kujipiga wenyewe nyumbani bila kumwita yeyote kutoka jikoni. Bwana Nassor aliumia zaidi yangu. Kabla hajafariki, Mungu amrehemu, aliniita akanikabidhi sanduku. "Watoto wangu wako Maskati na Dar," alisema. "Wao wataona vioo. Weye utaona majabali."

Naam. Ila mwenyewe alikuwa hajui kwamba siku hizo jicho langu la kulia lilikuwa limeshaanza kuingia ukungu. Lilikuwa na mtoto wa jicho, na mtoto huyo alikua haraka kuliko watoto wangu wote. Mtu wa jicho moja anaona vizuri tu njia, anaona bei sokoni, anamwona anayemkwepa. Asichoweza ni kuona picha za jabali zinavyoungana. Kwangu mimi chombo kile kilibaki na picha mbili bapa. Niseme kweli, hilo lilinitia majonzi.

Basi nije kwenye kisa.

Nina mdogo wangu, Zuwena, tumezaliwa tumbo moja, ameolewa upande wa Mgogoni. Yeye na wenzake wanalima mwani. Maji ya bamvua, yale makubwa yanayokupwa mbali, yakitoka wanaingia baharini, wanafunga miche ya mwani kwenye kamba, wanavuna iliyokomaa, na maji yakirudi wanapanda ufukweni kupumzika, kula na kuchambua. Zuwena ndiye kiongozi wao. Hakuchaguliwa. Alianza tu kuamrisha na hakuna aliyemzuia.

Mahali pao pa kupumzikia palikuwa chini ya Jiwe Kilemba. Hilo ni jabali kubwa lililoshikana na ukingo kwa mgongo wake, kichwa chake kimetokeza mbele kama kilemba cha mtu mzito, na chini yake bahari imekula ikaacha kivuli kipana chenye ubaridi. Zamani tulipokuwa wadogo tulikatazwa kwenda pale, wazee walisema pana wenyewe, mizimu, hata kuni hatukuokota. Mwani ulipokuja, jua likawashinda wale wenyewe, na wanawake wakahamia.

Baada ya mvua za masika nilikwenda kumtembelea. Tumekaa chini ya kivuli, tunakula mihogo na pweza, mara vichembe vya jiwe vikaanguka kwenye sahani yangu. Nikatazama juu. Pale kichwa cha jabali kinaposhikana na ukingo palikuwa na ufa. Nikazunguka kwa nyuma, nikapanda kidogo, nikatia mkono. Ukaingia wote.

"Zuwena," nikasema, "hapa pana ufa."

"Upo miaka yote."

"Kakwambia nani?"

"Nambiwe na nani? Jiwe lina ufa kama mie n'na goti. Latoa sauti tu, halendi popote." Wenzake wakacheka. Akaniongezea pweza, kwa Zuwena hiyo ndiyo maana ya mazungumzo kwisha.

Nilirudi Wete nimeelemewa. Kwani nani angejua ufa ule ni wa zamani au ni wa juzi? Waliokuwa wakubwa wakati tukikatazwa wameshatangulia. Ikiwa jabali limeishi na ufa huo tangu enzi, basi mdogo wangu anasema kweli na mimi ni mwoga. Ikiwa ufa unafunguka, basi kila bamvua anakwenda kulala chini ya kaburi.

Ndipo nikakumbuka kwamba Mzee Said alilipiga Jiwe Kilemba, tena kutoka ubavuni, kule kwenye ufa.

Wakati ule vioo vyangu vingi vilikuwa kwa Mwalimu Neema. Huyu ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, Mkristo kutoka Bara, jirani yangu mlango wa tatu. Mtu mwema. Mfungo ukifika hupika uji na kunitumia kabla ya wenzangu wa msikitini hawajakumbuka. Alikuwa ameviomba vioo ili wanafunzi wake waone jinsi bahari inavyoyachonga majabali. Nilimpa, pamoja na chombo cha kutazamia, kisha nikaenda Chake Chake hospitali kuangaliwa jicho na kukaa siku kadhaa kwa binti yangu. Yeye akaviweka dirishani, akavipiga kwa simu, akageuza weusi wa kioo uwe weupe na weupe uwe weusi ili iwe picha halisi, na duka la kuchapa karatasi likamtolea kadi safi kabisa. Zilipendeza, nazo zilipangwa kwenye ukumbi wa shule kwa ajili ya siku ya wazazi.

Nikamwomba Zuwena aje siku ile. Alikuja na wenzake wawili, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mwalimu Neema akamwekea kadi ya Jiwe Kilemba. Zuwena akashika chombo, akatazama, na "Lahaula!" yake ikajaa ukumbi. Kisha akatazama sana, halafu akacheka.

"Dada, njoo uone! Tazama bakora ya huyo mzee. Imezama ndani ya ufa! Ufa mpana, una kiza, na bakora imo ndani yake. Nlikwambia nini mie?"

Wenzake wakatazama mmoja mmoja, nao wakasema hivyo hivyo. Bakora imo ndani ya ufa. Nikatazama na mimi, nikaona picha mbili bapa, bakora moja huku na bakora moja kule, na weusi kando ya kila moja. Nikamwuliza Mwalimu Neema. Naye akasema, "Ni kweli, Bi Riziki. Fimbo imeingia ndani."

Enhe! Nilivyopumua siku ile. Ufa unaoimeza bakora enzi za Mzee Said na unaoumeza mkono wangu leo ni ufa ule ule. Jabali limetulia. Nilimnunulia Zuwena halua, nikamwomba radhi kwa kumtisha, naye akaipokea radhi na halua kwa uzito sawa. Usingizi wangu wa mchana ulikuwa mtamu kuliko halua yenyewe.

Siku ya pili Mwalimu Neema alikuja kunirudishia sanduku. Tukawa tunakunywa chai barazani, naye ana chombo mkononi, anatazama kadi moja baada ya nyingine kwa raha yake. Mara akasema, "Bi Riziki, hebu nikuulize. Hizi picha za zamani ndivyo zilivyokuwa? Maana kila nikitazama, mbingu naiona iko mbele, na jiwe liko nyuma ya mbingu. Kama limechungulia kwenye tundu. Mwanafunzi wangu mmoja ameniambia kichwa kinamuuma, nikadhani hajala."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwuliza, "Ulipozichapa, ulizikata katikati?"

"Hapana. Nilizichapa nzima, kama zilivyo kwenye kioo."

"Lete mkasi."

Nilimweleza huku anakata, maneno yanakimbizana: lenzi mbili, kichwa chini, kulia kushoto, shimo linakuwa kilima. Yeye alikuwa mwepesi kuelewa. Hata kabla sijamaliza alikuwa ameshazibadilisha mahali na kuzishika kwa vipande vya gundi ya karatasi. Akaitia kadi. Mimi sikuweza kuona, nilichoweza ni kumtazama yeye. Alitabasamu kwanza, mbingu ilipokwenda nyuma inakotakiwa kuwa. Kisha tabasamu likatoweka taratibu.

"Fimbo iko nje," akasema.

"Nje wapi?"

"Nje kabisa, Bi. Imeegemea mbele ya jiwe. Ule weusi si ufa, ni kivuli cha fimbo kimeangukia jiwe. Ufa nauona pembeni. Ni mwembamba. Ni kama uzi."

Uzi. Na mimi nilitia mkono wote.

Sikumlaumu Neema, nanyi msimlaumu. Bila yeye kuiulizia ile mbingu, mimi na halua yangu tungeendelea kulala. Kesho yake, siku ya bamvua, yeye ndiye aliyekuwa ananihimiza nivae viatu. Tulitangulia kufika ufukweni, sanduku mapajani mwangu juu ya bodaboda, yeye kwenye nyingine nyuma.

Wanawake walipotoka majini hatukuwaacha waingie kivulini. Niliwaita juani. Zuwena alikuja akiwa amelowa hadi kiunoni, gunia la mwani kichwani. "Na leo tena? Mbona hamtuachi tukapumzika, jamani."

Neema akatoa kadi mbili, nakala nyingine ya ile ya mwanzo isiyokatwa, na ile iliyokatwa. Nikasema, "Tazameni zote mbili, kisha niambieni ipi ndiyo Kilemba yenu. Nyie mwalijua jiwe hili kuliko mie. Kichwa chake kinawajia, au kinawakimbia?"

Hapo sikuwa na haja ya kuwafundisha lolote. Walipanga mstari, mikono yao ina chumvi, wakapokezana chombo. Kadi ya mwanzo, wakatazama, wakatazama jabali lenyewe, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Ah, hili limebonyea kama bakuli. Kilemba haliko hivi." Kadi ya pili, hakuna aliyetikisa kichwa. Mtu anayekaa chini ya jiwe kila bamvua analijua. Walijua hiyo ndiyo Kilemba, na kwa hiyo walijua bakora ilikuwa nje, na ufa ulikuwa uzi.

Zuwena alitazama wa mwisho. Alitazama muda mrefu. Alipoondoa chombo usoni hakunitazama mimi, aliwatazama wenzake.

"Haya, chukueni birika," akasema. "Tunahama."

"Tunahamia wapi, na jua hili?" mmoja akauliza.

"Juani. Jua haliangukii mtu."

Waume zao waliwajengea banda la makuti juu ya ufukwe, mbali na ukingo. Zuwena hakuniacha nisahau. Kila akinipigia simu alikuwa na shtaka jipya: banda lina joto, makuti yanavuja, upepo unawatia mchanga kwenye wali, na kule chini ya jiwe ubaridi unakaa bure hauna mtu. Siku moja akaniambia, "Leo nlikwenda kupumzika kule kidogo tu, mgongo ulikuwa ukin'uma." Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka nje. Alicheka, akasema ananitania. Sikujua kama kweli ananitania. Kumjua Zuwena ni kutojua.

Mchana mmoja wa bamvua, nachagua mchele, simu ikalia. Namba ya Zuwena, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenzake, na nyuma yake makelele. "Bi Riziki, jiwe limeanguka! Kilemba limeanguka!" Nikamwuliza Zuwena yuko wapi. Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena.

Sijui nilivaaje baibui. Kijana wa bodaboda nilimwambia neno moja tu, Mgogoni, naye alivyouona uso wangu hakuuliza la pili. Njia nzima nilikuwa nasoma dua nilizozijua na kurudia nilizozisahau. Nilimwona mdogo wangu mgongo unamwuma, anawaambia wenzake nakuja sasa hivi, anakwenda zake kivulini. Nilimwona wazi kabisa, na wala sikuhitaji macho mawili.

Tulipofika nilitazama mahali Kilemba lilipokuwa, nikaona mbingu. Chini yake, pale tulipokula pweza, palikuwa na jabali limelala kifudifudi, na mawe mengine yamevunjika mpaka majini. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika kila kitu. Hata sisimizi hangepona pale.

Wanawake walikuwa wamejikusanya mbele ya banda, wengine wamekaa, wengine wanashikana. Nikatafuta kanga ya Zuwena, sikuiona. Kisha nikaisikia sauti yake kabla sijamwona. Alikuwa nyuma ya banda anaita majina. Anaita jina, mtu anaitika, anaita jingine, anaitika mwingine. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuamrisha, kavu, kama vile ni siku ya kugawa kamba. Aliita la mwisho, likaitikwa. Ndipo akazunguka banda akanikuta nimesimama na machozi yananimiminika hadi kidevuni.

Akanikunjia uso.

"Walia nini, dada? Kafa nani?"

Nilitikisa kichwa.

"Nakuuliza. Kafa nani?"

"Hakuna," nikasema.

"Sema tena."

"Hakuna, Zuwena. Hakuna aliyekufa. Hata mmoja."

Akavuta pumzi ndefu, akatazama lile jabali lililolala, akawatazama wenzake wote.

"Basi sogea," akasema, "nami nilie."